Vitamini D na Afya ya Mifupa: Manufaa ya Kipimo na Madhara ya Kuzidisha

Vidonge na matone ya vitamini D huuzwa katika maduka mengi ya dawa, na aghalabu hununuliwa bila ya cheti cha daktari. Wazazi huwapa watoto wao kwa matumaini kwamba miguu iliyopinda itanyooka, na wazee huvimeza ili mifupa isivunjike. Wengi huamini kwamba kitu kiitwacho vitamini hakiwezi kumdhuru mtu, na kwamba ikiwa kidogo chafaa, basi kingi kitafaa zaidi. Kuhusu vitamini D imani hiyo si sahihi. Makala haya yanaeleza jinsi vitamini hii inavyofanya kazi, ni nani anayeihitaji, na kwa nini kipimo chake hakina budi kuheshimiwa.

1. Jinsi vitamini D ilivyogunduliwa

Katika karne ya 17 waganga wa Uingereza walianza kuandika habari za maradhi ya watoto yaliyolainisha mifupa. Miguu ilipinda, vifundo vya mikono vilivimba, na watoto walichelewa kutembea. Francis Glisson alichapisha kitabu juu ya maradhi hayo mwaka 1650. Katika Kiswahili maradhi hayo huitwa matege, ingawa neno hilo hutumika pia kwa miguu yoyote iliyopinda. Miji ya viwanda ya Ulaya ilipokua, moshi na majengo yaliyosongamana viliwanyima watoto jua, na matege yakawa maradhi ya kawaida katika mitaa ya maskini.

Mwaka 1919 yalitokea mambo mawili ambayo mwanzoni yalionekana hayana uhusiano. Huko London, Edward Mellanby aliwafungia mbwa ndani ya nyumba na kuwalisha chakula duni cha nafaka hata wakapata matege. Kisha akaonyesha kwamba mafuta ya ini la samaki huyazuia. Huko Berlin, Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto wenye matege kwa taa itoayo miale ya urujuanimno. Jambo la kuzingatiwa sana ni kwamba alipoumulika mkono mmoja tu wa mtoto, mifupa ya mkono wa pili nayo ilipona. Maana yake ni kwamba mwanga haukuuponya mfupa moja kwa moja. Kuna kitu kilichotengenezwa kwenye ngozi, kikasafiri kwa njia ya damu hadi upande wa pili.

Mwaka 1922 Elmer McCollum na wenzake nchini Marekani walipitisha hewa katika mafuta ya ini la samaki yaliyopashwa moto. Vitamini A iliyokuwamo iliharibika, lakini mafuta yaliendelea kuponya matege. Kwa kuwa herufi A, B na C zilikwisha kutumika, kitu hicho kipya kikaitwa vitamini D. Miaka michache baadaye ilidhihirika kwamba mafuta ya samaki na miale ya jua huleta mwilini kitu cha namna moja.

2. Safari ya vitamini D mwilini

Katika ngozi mna dutu ya jamii ya mafuta iitwayo dihaidrokolesteroli. Miale ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 290 hadi 315 inapoifikia, hupasua mojawapo ya pete za molekuli yake, ikawa vitamini D ya awali. Joto la mwili huigeuza hiyo polepole kuwa vitamini D3. Chakula pia huleta kiasi fulani: samaki wenye mafuta, maini, kiini cha yai, na vyakula vilivyoongezwa vitamini viwandani.

Vitamini D3 haiwezi kufanya kazi kabla ya kubadilishwa mara mbili. Kwanza hufika kwenye ini na kugeuzwa kuwa kalsidioli. Hii ndiyo inayopimwa maabara ili kujua kama mtu anayo akiba ya kutosha. Pili, kalsidioli hufika kwenye figo na kugeuzwa kuwa kalsitrioli, ambayo ni homoni. Kwa hiyo vitamini D kwa hakika ni malighafi ya homoni, na homoni zote hufanya kazi kwa kipimo.

Kazi kubwa ya kalsitrioli ni kuuwezesha utumbo mwembamba kufyonza kalsiamu na fosforasi kutoka katika chakula. Asilimia 99 hivi ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Sehemu ndogo iliyobaki huhitajiwa na moyo, misuli na neva, na kiwango chake katika damu hakiruhusiwi kuyumba. Kikishuka, tezi za parathairoidi zilizoko shingoni hutoa homoni inayoziamuru figo zitengeneze kalsitrioli zaidi, na wakati huohuo hutoa kalsiamu katika mifupa. Mifupa, basi, ni ghala. Mtu asiyeingiza kalsiamu kwa chakula huitoa katika ghala lake mwenyewe.

3. Ngozi ina kizuizi, chupa haina

Iwapo jua hutengeneza vitamini D, kwa nini mkulima ashindaye shambani kutwa hasumuki? Jawabu limo katika kemia ya mwanga. Miale ikiendelea kuipiga ngozi, vitamini D ya awali hugeuka kuwa dutu nyingine zisizo na nguvu, kama lumisteroli na takisteroli. Kiasi chake hufika kikomo, hakizidi tena hata mtu akikaa juani zaidi. Kadhalika weusi wa ngozi huchuja miale, na hivyo ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe ili kutengeneza kiasi kilekile.

Ushahidi mzuri umetoka Tanzania. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, Wamasai na Wahadzabe waliokuwa wakiishi maisha ya asili walipimwa damu. Wastani wa kalsidioli yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ilhali kiwango cha nanomoli 50 kwa lita huhesabiwa kuwa chawatosha watu wengi. Watu hao walikuwa wakipata jua jingi kila siku tangu utotoni, lakini viwango vyao vilikuwa mbali sana na vile vya sumu, ambavyo kwa kawaida huzidi nanomoli 375.

Vitamini inayoingia kwa kinywa haipiti katika kizuizi hicho. Utumbo huipokea sehemu kubwa, ini huigeuza kuwa kalsidioli, na ziada huhifadhiwa katika mafuta ya mwili. Vitamini C ikizidi hutoka kwa mkojo. Vitamini D haitoki upesi namna hiyo. Kalsidioli huchukua wiki mbili hadi tatu kupungua kufikia nusu yake. Ndiyo sababu aliyezidisha kipimo huweza kuendelea kuumwa kwa majuma mengi baada ya kuacha kuitumia.

4. Mfupa haujengwi kwa vitamini D peke yake

Mfupa una sehemu mbili kuu: utando wa protini uitwao kolajeni, ambao huupa mfupa unyumbufu, na chumvichumvi za kalsiamu na fosforasi, ambazo huupa ugumu. Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa jaribio rahisi. Mfupa wa paja la kuku husafishwa, hutiwa katika chupa yenye siki, na kuachwa kwa muda wa siku tano hadi saba, siki ikibadilishwa mara moja au mbili. Asidi ya siki huyeyusha chumvi za kalsiamu. Mfupa unapotolewa huonekana una umbo lilelile, lakini hupindika kama mpira. Mfupa wa mtoto mwenye matege una upungufu unaofanana na huo, kwani utando upo ila madini hayatoshi.

Madini yanaweza kukosekana kwa njia mbili. Ama vitamini D haipo, na kalsiamu iliyomo katika chakula haifyonzwi. Ama vitamini D ipo, lakini kalsiamu yenyewe haimo katika chakula. Hali hii ya pili ilionekana waziwazi Nigeria, nchi isiyokosa jua. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, watoto 123 wenye matege waligawanywa katika makundi matatu kwa muda wa wiki 24. Kundi la kwanza lilipewa vitamini D, la pili kalsiamu, na la tatu vyote viwili. Waliofikia kiwango cha kupona kilichowekwa walikuwa asilimia 19 katika kundi la vitamini D peke yake, asilimia 61 katika kundi la kalsiamu, na asilimia 58 katika kundi la vyote viwili. Chakula cha watoto hao kilikuwa na miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku, au karibu na hapo.

Matokeo hayo yana funzo kubwa kwa nchi za Afrika Mashariki. Mtoto anayelishwa uji na ugali mtupu, bila maziwa wala samaki, anaweza kupinda miguu hata akicheza juani kutwa. Mzazi akimnunulia matone ya vitamini D na kuyazidisha kila aonapo mguu haunyooki, anatibu upungufu usiokuwapo na kuuacha uliopo. Kwa watoto wa namna hiyo maziwa, mtindi, na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao vina thamani kubwa. Mchicha nao una kalsiamu, lakini pia una oksalati ambayo huishika kalsiamu hiyo na kuipunguzia nafasi ya kufyonzwa. Kwa hiyo haufai kuwa tegemeo la pekee. Vilevile si kila mguu uliopinda ni matege. Watoto wengi wadogo huwa na miguu iliyopinda kidogo ambayo hunyooka yenyewe wanapokua, na kuna maradhi mengine ambayo daktari peke yake ndiye awezaye kuyatambua.

5. Nani hunufaika na vidonge?

Majaribio mawili makubwa yakilinganishwa hutoa jibu. Mwaka 1992 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Ufaransa kwa wanawake wazee 3,270 waliokuwa wakiishi katika nyumba za kutunzia wazee. Wengi wao walikuwa hawatoki nje mara kwa mara. Waliopewa kila siku gramu 1.2 za kalsiamu pamoja na vizio 800 vya vitamini D walivunjika mifupa ya nyonga kwa asilimia 43 pungufu kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa, baada ya miezi 18.

Jaribio la pili lilifanywa Marekani kwa watu 25,871, wanaume wa miaka 50 na zaidi na wanawake wa miaka 55 na zaidi. Hawakuchaguliwa kwa sababu ya upungufu, na wengi wao walikuwa na akiba ya kutosha tangu mwanzo. Nusu walipewa vizio 2,000 kwa siku kwa muda wa miaka mitano na ushei. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba vidonge havikupunguza kuvunjika kwa mifupa.

Majaribio haya mawili hayapingani. Udongo uliokauka ukinyeshewa mmea hustawi, lakini udongo uliokwisha lowa hauna haja ya maji zaidi. Wanaoelekea kuhitaji nyongeza ni wazee wasiotoka nje, watoto wachanga wanaonyonya maziwa ya mama na kufichwa jua, watu ambao mavazi au kazi huwaficha jua wakati wote, na wagonjwa ambao utumbo wao haufyonzi mafuta vizuri. Katika nchi za Ghuba upungufu umeonekana sana licha ya jua kali, kwa kuwa joto na mavazi huwatenga watu na miale yake. Mtu mweusi aliyehamia Ulaya ya Kaskazini naye yumo katika hatari hiyo. Nchini Uingereza jua la majira ya baridi halina miale ya kutosha kutengeneza vitamini D, na tangu mwaka 2016 wananchi wote wa huko wameshauriwa wafikirie kutumia mikrogramu 10 kwa siku katika miezi hiyo.

6. Madhara ya kuzidisha

Kalsidioli ikizidi mno, utumbo hufyonza kalsiamu kuliko mahitaji, na mifupa yenyewe huanza kutoa kalsiamu yake. Hapa pana ajabu ambayo mwanafunzi apaswa kuikumbuka: dawa ya kuimarisha mifupa, ikizidi, huinyang’anya mifupa madini. Kalsiamu ya damu hupanda. Mgonjwa huona kiu kubwa, hukojoa mara nyingi, hukosa hamu ya kula, hutapika, hufunga choo, hulegea na kuchanganyikiwa. Hali ikiendelea, mawe hutokea katika figo, na figo zenyewe huweza kushindwa kufanya kazi.

Historia imeshuhudia jambo hili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliongeza vitamini D katika maziwa ya unga na nafaka za watoto, na juu yake watoto wakapewa mafuta ya ini la samaki. Jumla yake iliweza kufikia vizio 4,000 kwa siku kwa mtoto mchanga. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 walianza kuonekana watoto wenye kalsiamu nyingi katika damu, na mwaka 1957 kiasi kilichoongezwa kilipunguzwa. Mwaka 2011 wanasayansi walieleza kwamba baadhi ya watu huzaliwa na hitilafu katika jeni ya kimeng’enya kinachovunja vitamini D. Watu hao hudhurika kwa kipimo ambacho wenzao hukistahimili.

Namna ya kugawa dozi nayo ina uzito. Nchini Australia wanawake 2,256 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010. Nusu yao walipewa vizio 500,000 kwa mara moja, mara moja kwa mwaka. Ukigawanya kiasi hicho kwa siku 365, wastani ni vizio 1,370 hivi kwa siku, ambao si mkubwa. Hata hivyo waliopewa dozi hiyo walianguka kwa asilimia 15 zaidi na kuvunjika mifupa kwa asilimia 26 zaidi kuliko wenzao. Mwili ulioumbwa kupokea kidogo kidogo haukupokea vyema shehena ya mwaka mzima kwa siku moja.

Huko Calgary, Kanada, watu 311 walipewa vizio 400, 4,000 au 10,000 kila siku kwa miaka mitatu. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba mfupa wa kigasha haukuwa mzito zaidi kwa wale waliopewa dozi kubwa. Bali msongamano wake ulikuwa mdogo kuliko wa wale waliopewa vizio 400.

7. Kanuni za matumizi salama

Kwanza, mtumiaji ajue vipimo. Kwenye chupa vitamini D huandikwa ama kwa mikrogramu ama kwa vizio vya kimataifa, ambavyo alama yake ni IU. Mikrogramu 1 ni sawa na vizio 40. Viwango vilivyotolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2010 ni hivi, kwa siku:

Miezi 0 hadi 6: mahitaji vizio 400, kikomo vizio 1,000.
Miezi 7 hadi 12: mahitaji 400; kikomo 1,500.
Miaka 1 hadi 3: mahitaji 600, kikomo 2,500.
Miaka 4 hadi 8: mahitaji 600, kikomo 3,000.
Miaka 9 hadi 70: mahitaji 600, kikomo 4,000.
Zaidi ya miaka 70: mahitaji 800, kikomo 4,000.

Kikomo si lengo la kufikiwa, bali ni mpaka ambao haufai kuvukwa bila usimamizi wa daktari. Daktari anayetibu matege aweza kuamuru dozi iliyo kubwa kuliko mahitaji ya kawaida, lakini hufanya hivyo kwa muda maalumu, na pamoja na kalsiamu.

Pili, vyanzo vyote vijumlishwe. Mtu anaweza kumeza kidonge cha vitamini D, kidonge cha vitamini mchanganyiko, na mafuta ya ini la samaki, bila kutambua kwamba vyote vitatu vina vitamini ileile.

Tatu, matone ya watoto yasomwe kwa uangalifu mkubwa. Katika baadhi ya chupa vizio 400 vimo katika tone moja. Katika nyingine vimo katika mililita nzima. Kubadilisha chupa bila kusoma maandishi yake kunaweza kuzidisha dozi mara ishirini na zaidi.

Nne, dozi ndogo ya kila siku ni bora kuliko dozi kubwa ya mara moja. Aliyesahau asirudishe ya siku zilizopita kwa mkupuo.

Tano, wapo ambao hawapaswi kuanza bila ushauri: wenye maradhi ya figo au mawe ya figo, wanaotumia digoksini kwa ajili ya moyo au dawa za jamii ya thiazidi kwa ajili ya shinikizo la damu, na wagonjwa wa kifua kikuu. Katika kifua kikuu seli za kinga huweza kutengeneza kalsitrioli nje ya utawala wa figo, na kalsiamu ikapanda.

8. Hitimisho

Swali la kwanza si kidonge kipi kinunuliwe, bali ni kitu gani kimepungua: jua, kalsiamu, au vyote viwili? Mahali penye jua, mara nyingi sahani ya chakula ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Pale vitamini D inapohitajika kweli, kiasi kidogo cha kila siku huwafaa wengi, na zaidi ya hapo faida hukoma wakati madhara yanaanza.

Maswali ya kujipima

1. Kidonge kimeandikwa mikrogramu 25. Ni vizio vingapi vya kimataifa? Je, kinavuka mahitaji ya mwanafunzi wa miaka 16? Je, kinavuka kikomo chake?
2. Chupa ina vizio 400 katika kila tone. Mzazi anampa mtoto wa miezi mitatu mililita 1 nzima. Ikiwa mililita 1 ina matone 25, mtoto amepata vizio vingapi, na ni mara ngapi ya kikomo chake?
3. Huldschinsky alijifunza nini kutokana na kupona kwa mkono ambao haukumulikwa?
4. Eleza kwa nini mtu hawezi kusumishwa na vitamini D itokanayo na jua, lakini aweza kusumishwa na ile ya vidonge.
5. Linganisha jaribio la Ufaransa la 1992 na la Marekani la 2022. Kwa nini matokeo yake yalitofautiana?